Mgonjwa alijibu "ndiyo" kwa kila swali, kisha akaondoka usiku: nilikosea wapi?

Nesi wa Zamu

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni muuguzi, nilifika Australia mwaka jana, na sasa nafanya kazi katika hospitali ya mji mmoja wa Northern Territory, eneo la kaskazini mwa nchi, ambako wagonjwa wengi tunaowapokea ni Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, wanaoletwa kwa ndege kutoka vijiji vya jangwani. Kabla ya kuanza kazi nilipitishwa kwenye somo la usalama wa kitamaduni, yaani kumhudumia mtu wa utamaduni mwingine bila kumdhalilisha, la saa mbili mbele ya kompyuta, nikajibu maswali kumi na kupewa cheti. Nilidhani nimeiva.

Wiki mbili zilizopita tulimpokea bibi mmoja mwenye kisukari, mguu wake ukiwa na maambukizi makali. Nilimweleza kwa Kiingereza chepesi habari za dripu, sindano na uwezekano wa kupasuliwa, na kila nilipomuuliza kama ameelewa alijibu "ndiyo". Nilipomuuliza kama anaumwa alisema "ndiyo". Nilipogeuza swali na kumuuliza kama haumwi, akasema "ndiyo" vilevile. Niliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelewa na ameridhia. Jioni nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameipa wodi mgongo, shuka amejifunika hadi kichwani na mkoba wake ameupakata, chakula hakukigusa. Kitanda cha mbele yake tulikuwa tumemlaza mwanamume wa makamo aliyetoka kijiji kilekile, nami nilifurahi kwamba angalau atapata mtu wa kuzungumza naye. Alfajiri nikakuta kitanda kitupu, shuka limekunjwa vizuri. Daktari wa zamu aliandika sentensi moja tu: ameondoka kinyume na ushauri.

Sikumkaripia wala sikumdharau. Naomba mnaofanya kazi na jamii hizi mnieleze nilichokosa kukiona.

Mratibu Mstaafu

Dada, niliratibu huduma za wakalimani hospitalini kwa miaka sita, na kisa chako nimekisikia mara nyingi, kikibadilika tu mguu na moyo, bibi na babu. Ile "ndiyo" haikuwa jibu la swali lako. Ilikuwa adabu, na pengine uchovu: mtu mwenye mamlaka anakuuliza mfululizo, katika lugha ambayo huenda ni ya tatu au ya nne kwako, na njia fupi ya kumaliza mahojiano ni kukubali. Wewe mwenyewe uliligundua ulipogeuza swali, ila hukuamini ulichokisikia.

Northern Territory ina Huduma ya Wakalimani wa Kiaborijini iliyoanzishwa mwaka 2000, na mkalimani anaweza kupatikana hata kwa simu kwa lugha kama Kiwarlpiri, Kipitjantjatjara au Kiarrernte. Tatizo ni kwamba wahudumu huamua wenyewe kwamba mgonjwa "anajua Kiingereza cha kutosha" kwa sababu amesalimia vizuri. Ukitaka kujua kama mtu ameelewa, usimuulize kama ameelewa. Mwombe akueleze atakavyomsimulia binti yake kuhusu dawa hii, kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hata ukimya ukikukera, kwa maana huko kwao ukimya ni sehemu ya mazungumzo, na sisi wauguzi tuna tabia ya kuujaza kwa swali jingine kabla la kwanza halijapata jibu.

Kuhusu mwanamume wa kitanda cha mbele, siwezi kuapa, lakini ningeanza na yeye. Katika jamii nyingi za jangwani mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani wala hawasemezani, na hata kukaa chumba kimoja ni aibu kubwa, na ukwe wenyewe huhesabiwa kwa mpango wa ukoo hata pasipo ndoa baina ya nyumba hizo mbili. Neno mkwe sidhani sisi tunahitaji kutafsiriwa. Bibi aliyejifunika shuka na kuipa wodi mgongo huenda alikuwa anatunza heshima yake kwa njia pekee mliyomwachia.

Tabibu wa Mjini

Naomba kutofautiana kidogo na wenzangu, bila kumvunjia mtu heshima. Mimi niliapa kumtibu kila mgonjwa sawasawa, bila kujali rangi wala ukoo. Tukianza kupanga vitanda kwa kufuata ukwe, wodi zitatushinda. Tena haya mafunzo ya mila yana hatari yake: mtu anakariri kwamba "Waaborijini hawapendi kutazamwa machoni", kisha anamtendea mwanasheria wa Kiaborijini wa Melbourne kana kwamba ametoka jangwani jana.

Mama wa Kliniki

Tabibu, hoja yako ya mwisho ni ya kweli kabisa, na ndiyo iliyomsukuma Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand aliyeliasisi wazo la usalama wa kitamaduni mwishoni mwa miaka ya 1980. Hakutaka wauguzi wakariri mila za watu. Alitaka muuguzi ajichunguze yeye mwenyewe, mamlaka aliyonayo na historia ya taasisi anayoivalia sare, na akasisitiza kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa. Kwa hiyo, dada Nesi, cheti chako hakiwezi kuthibitisha usalama huo, na kutokumkaripia kwako ni jambo jema lisilojibu swali.

Ila hiyo "sawasawa" yako, Tabibu, siikubali. Kati ya 1908 na 1919, kwenye visiwa vya Bernier na Dorre huko Western Australia, palikuwa na hospitali ambazo Waaborijini walioshukiwa kuwa na magonjwa ya zinaa walipelekwa kwa nguvu, wengine wakiwa wamefungwa minyororo, na wengi hawakurudi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1997 ulikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970 walau mtoto mmoja wa Kiaborijini katika kila kumi, na huenda mmoja katika kila watatu, alitenganishwa na familia na jamii yake, na baadhi walichukuliwa wakiwa bado wodi ya wazazi. Bibi wa miaka sabini anapoingia kwenye jengo lenu, haya hayasomi vitabuni. Ni habari za dada zake. Na tofauti bado ipo: kwa waliozaliwa 2020 hadi 2022, umri wa kuishi unaotarajiwa ni miaka 71.9 kwa wanaume wa Kiaborijini na wa Visiwa vya Torres Strait (wenyeji asilia wengine wa nchi hii), na 75.6 kwa wanawake, pungufu ya Waaustralia wengine kwa miaka 8.8 na 8.1. Tena kwa wauguzi suala la usalama wa kitamaduni si hiari: limo katika kanuni za maadili zilizoanza kutumika Machi 2018, na tangu 2022 limeingizwa katika sheria inayosimamia wataalamu wote wa afya waliosajiliwa.

Mimi nafanya kazi katika kliniki inayomilikiwa na jamii yenyewe. Mtindo huu ulianza Redfern, Sydney, mwaka 1971, na leo kliniki za namna hiyo zimepita 140 nchini. Bodi yetu ni wazee wa hapa, na wao ndio walioamua mlango wa wanawake uwe wa pembeni na mapokezi yawe na benchi nje chini ya mti, kwa kuwa baadhi ya watu hawakai chumba kimoja. Mtu akifariki na jina lake likawa halitajwi, hatuliiti jina hilo ukumbini hata kama mgonjwa aliye hai analo. Hapa kwetu mwenye jina hilo huitwa Kumanjayi hadi msiba upite. Hakuna muuguzi aliyelibuni hilo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa usafishaji wa damu. Wapintupi, Waaborijini wa kijiji cha jangwani cha Kintore, waliougua figo walilazimika kuhamia Alice Springs, zaidi ya kilomita 500 mashariki, wakae huko karibu na mashine hadi mwisho wa maisha yao, mbali na nchi yao na wajukuu zao. Wachoraji wa Kintore na wa kijiji cha Kiwirrkurra wakachora picha, zikapigwa mnada Sydney mwaka 2000 na kuingiza zaidi ya dola milioni moja, na kufikia 2004 mashine ikawa inafanya kazi Kintore kwenyewe. Shirika lililozaliwa hapo, linalojulikana kama Purple House, sasa lina hata lori lenye mashine linalowawezesha wagonjwa kurudi nyumbani kwa misiba na sherehe. Hospitali ilikuwa imejiuliza kwa nini wagonjwa hawa "hawafuati matibabu". Wao walikuwa wanauliza kwa nini matibabu hayawafuati.

Vitanda, Tabibu, havikushindi. Swali moja wakati wa kupokea linatosha: je, kuna mtu humu ambaye haifai mkae pamoja? Aliulize mhudumu wa afya wa Kiaborijini, si wewe wala mimi.

Nesi wa Zamu

Nawashukuru. Leo asubuhi nilipiga simu kliniki ya kijiji chao, nikazungumza na mhudumu wa afya wa Kiaborijini aliyepo huko. Bibi yupo, anachomwa sindano kila siku, ila mguu unahitaji daktari wa upasuaji. Kuhusu kitanda, sikumaliza hata kueleza, alicheka kidogo, akasema, "Yule ni mkwe wake, mlitarajia nini?"

Bibi amekubali kurudi Alhamisi, na safari hii masharti ni yake: aje na mjukuu wake wa kike, alazwe wodi ya wanawake, na mkalimani awepo kabla ya mtu yeyote kushika kalamu. Mkalimani nimeshamweka kwa saa nne asubuhi. Kwenye faili, ile sentensi yangu ya "ameelewa na ameridhia" siwezi kuifuta, kwa hiyo nimeandika nyingine chini yake.