Tupeane uzoefu: skrubu ya gari imelika kichwa na haitoki, uliitoaje?

Kijana wa Donholm

Wadau, salamu. Kila anayejitengenezea gari amekutana na hii: bisibisi inazunguka, skrubu imetulia, na ule msalaba wa kichwani umeshakuwa shimo. Tukusanye hapa mbinu zilizofanya kazi na zilizokataa. Ukisema "fundi aliitoa", tuambie aliitoaje, la sivyo haitusaidii.

Naanza. Honda Fit, diski za breki za mbele. Honda wanashikilia kila diski kwa skrubu mbili fupi za milimita 6, kichwa cha msalaba kilichozama ndani ya diski. Zikikaa miaka mingi na joto la breki zinashikana na habu (kitovu cha gurudumu) ukadhani zimechomelewa. Upande wa dereva zilitoka bila fujo. Upande wa abiria, moja ikaanza kulika. Bisibisi ilipopanda juu tu nikaacha kuzungusha. Jirani wa ghorofa ya chini akaniazima bisibisi ya kugongwa, ile nene ya chuma ambayo ukiipiga nyundo kitakoni, ncha inasukumwa ndani na kuzunguka kidogo kwa wakati mmoja. Angalieni kwanza imegeuzwa upande wa kufungua, kwa sababu inafanya kazi pande zote mbili. Nikagonga ncha polepole ikae vizuri, halafu pigo zito. Mlio ulibadilika, ukawa mkavu, na skrubu ikalegea. Nyundo iwe ya kilo moja hivi. Ile ya misumari inadunda tu.

Nyinyi je?

Fundi wa Kariobangi

Ulifanya vyema kuacha mapema. Mteja akiniletea skrubu iliyoanza kulika namtoza kidogo. Akileta iliyomalizwa na bisibisi ya supamaketi, hiyo ni bei ya kuchomelea.

Nieleze jambo moja ambalo hata mafundi wenzangu hulipuuza. Msalaba wa gari la Kijapani si msalaba wa Phillips. Phillips ni wa Wamarekani, wa miaka ya 1930, na ncha yake ukiiweka kwenye skrubu ya Kijapani haifiki chini. Inashika juujuu, ukitia nguvu inapanda na kula kingo. Ncha ya Kijapani, wanaiita JIS, inakaa mpaka kwenye kitako cha shimo. Skrubu nyingi za Kijapani zina kinukta kichwani. Ukikiona, Phillips weka kando. Halafu saizi: skrubu za diski za Honda zinataka namba 3, na watu wanakuja na namba 2 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kila boksi la nyumbani.

Kabla hata ya kuzungusha, weka panchi bapa (kile chuma cha kugongea) juu ya kichwa uipige nyundo moja kwa moja, mara kadhaa. Mtetemo unaachanisha kutu kwenye nyuzi, ile mikunjo ya skrubu inayojifungia, na kingo zilizoinuka zinarudi chini. Kisha kaza kidogo kwanza, ndipo ufungue.

Ikiwa imekwisha kabisa nachomelea nati. Natafuta nati ya spana 10, naikalisha juu ya kichwa, najaza weldi katikati ya tundu mpaka ishikane na skrubu. Joto lenyewe ni nusu ya kazi. Naacha wekundu uishe, naiweka spana, inatoka. Lakini toa terminali ya betri kabla ya kuchomelea, na waya wa athi, ule wa kurudishia umeme wa weldi, uufunge kwenye habu yenyewe. Ukiufunga bodini, umeme unatafuta njia kupitia beringi na kuiharibu.

Wa Kasarani

Tindo kali na nyundo. Unachimba kijipengo ukingoni mwa kichwa, halafu unalaza tindo na kugonga kuelekea kinyume cha saa. Nimetoa za Honda hivyo bila kununua chochote.

MamaWawili

Mimi sina weldi wala tindo. Nina Vitz na watoto wawili wanaovuta mkono wa mlango kana kwamba wanateka ndoo kisimani. Mkono ukalegea, nikataka kutoa ubao wa ndani wa mlango, na skrubu iliyojificha nyuma ya mkono ikalika. Hiyo haina kutu, inashika kwenye plastiki na bati jembamba. Nilichukua ule mpira mpana wa kufungia mboga, nikautandaza juu ya kichwa, nikakandamiza bisibisi kwa nguvu na kuzungusha polepole. Mpira unajaza sehemu zilizolika. Ikatoka.

Dere wa Probox

Mama, hapo sawa, lakini mtu asijaribu mpira kwenye diski. Utakatika na bado skrubu iko pale pale.

Yangu si skrubu ila ukoo ni mmoja: bolti ya kumwagia oili. Mahali nilipokuwa nabadilishia oili, sitapataja, walikuwa wanakaza kwa kuchomeka bomba kwenye mkono wa spana. Toyota hii bolti yake ni ya spana 14, na nguvu inayotakiwa haifiki hata Nyuton-mita 40. Mkono mmoja wa mtu wa kawaida unatosha! Siku ya kufungua wakaja na spana ya ringi ya pembe kumi na mbili, ikateleza, pembe zote zikaisha. Wakaniambia ninunue sampu nyingine, lile bakuli la oili chini ya injini.

Nikaenda Grogan, kule kwa mafundi na vipuri vya magari. Mzee mmoja akalala chini ya gari, akaipapasa kwa kidole, akaitisha soketi ya 13 ya pembe sita. Ndogo kuliko bolti, kwa makusudi. Akaigonga juu ya kichwa mpaka ikaingia kwa kulazimishwa, akaweka mkono mrefu, akavuta mara moja bila kutikisatikisa. Ikalia, ikalegea. Bolti ilibaki imekwama ndani ya soketi, akaisukuma kwa panchi kupitia tundu la nyuma. Bolti mpya na washa mpya, nikaenda zangu. Toka siku hiyo soketi zangu ni za pembe sita tu.

Bodaboda wa Rongai

Samahani sina gari, lakini skrubu mbili za kifuniko cha mafuta ya breki kwenye usukani wa pikipiki mnazijua? Ndogo, laini, na zimeingia kwenye aluminiamu. Kila kijana wa stendi amezila. Dawa yangu ni pesti ya kusagia valvu, ile yenye chenga. Unapaka kidogo kwenye ncha ya bisibisi, chenga zinauma chuma na ncha haitelezi. Zungushia kitambaa kwanza. Mafuta ya breki yakidondokea tangi yanachubua rangi, na chenga zikiingia kwenye mafuta umejiletea shida nyingine. Futa kila kitu kabla ya kufungua kifuniko.

Injinia wa South B

Ya pesti ni kweli. Niongeze kuhusu aluminiamu. Skrubu ya chuma ikikaa ndani ya aluminiamu na unyevu ukaingia, vinaliana na kutoa ule unga mweupe unaobana nyuzi. Hapo joto ni rafiki, kwa sababu aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Pasha kasha, usipashe skrubu. Hita ya upepo inatosha kwa vitu vidogo, usiende na moto wa gesi karibu na mipira na nyaya. Na kama mmenyunyiza dawa ya kuoshea breki, msipashe kabisa. Zile zenye klorini zikipata moto zinatoa gesi ya sumu kali. Petroli nayo sihitaji kusema.

Sasa kuhusu izi-auti, ile ya kutoboa tundu na kuzungusha kinyume. Shemeji yangu aliitumia kwenye skrubu za sensa, kwenye koo la hewa la Toyota, pale hewa inapoingilia injini. Izi-auti ndogo, kipenyo cha njiti ya kiberiti. Ikakatika ndani. Basi sasa ana skrubu iliyokwama na juu yake kipande cha chuma kigumu kuliko drili yake. Drili ya kawaida ilikuwa inateleza na kulia tu. Ilibidi tulitoe koo zima, tukalipeleka karakana moja ya mashine Industrial Area, wakalichimba kwa ncha ya kabaidi, ile ngumu kuliko chuma, na kukata nyuzi mpya, saizi moja juu. Shemeji alilipa na kunyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Kwa hivyo kwangu izi-auti ni ya skrubu kubwa, milimita 8 kwenda juu, na ambayo imelika kichwa tu bila kushikwa na kutu. Kama kichwa kilikatika kwa sababu nyuzi zimeshikana, izi-auti nyembamba itashikaje pale ambapo skrubu nene ilikatika? Tafuteni drili za mkono wa kushoto. Unatoboa kwa mzunguko wa kufungua, na mara nyingi skrubu inatoka yenyewe kabla hujamaliza tundu.

Wa Kasarani

Kwani hizo skrubu za diski ni za nini? Mimi nikizitoa sizirudishi. Nati za tairi ndizo zinazobana diski.

Fundi wa Kariobangi

Kwa kubana, ni kweli. Toyota nyingi hazina kabisa. Badala yake diski ina matundu mawili yenye nyuzi za milimita 8, unakaza bolti humo diski inasukumwa itoke. Lakini kwenye gari lililoundwa nazo, mimi narudisha. Ukitoa tairi bila skrubu, diski inalegea na kuinama, unga wa kutu unadondoka kati yake na habu. Ukirudisha tairi diski haikai sawa, na baada ya muda mteja analalamika usukani unatetemeka akifunga breki. Weka mpya, paka grisi ya shaba kidogo tu kwenye nyuzi, kaza kwa mkono wa kawaida. Grisi isiguse uso wa diski.

Wa Kasarani

Sawa mzee, lakini Honda yangu haitetemeki.

Fundi wa Kariobangi

Bado.

Kijana wa Donholm

Na mtu akiwa na drili tu? Hana weldi, hana ya kugongwa.

Fundi wa Kariobangi

Kwa diski, toboa kichwa. Piga alama katikati kwa panchi, anza na drili nyembamba, malizia na iliyo kubwa kidogo kuliko mguu wa skrubu. Kichwa kitajitenga, diski itatoka, na kipande kitakachobaki kwenye habu hakina tena kinachokivuta. Kishike kwa vaisigripu, ile koleo ya kujifunga, mara nyingi kinazunguka kirahisi. Mzunguko wa drili uwe wa polepole, tone la oili, na vaa miwani, chembe za chuma hazina huruma. Mwenye Volkswagen asihangaike na msalaba, yake huwa moja tu, ya nyota, T30. Safisha uchafu ndani ya nyota kwa sindano kabla ya kuingiza ncha. Zinazolika ni zile ambazo ncha iliishia kwenye vumbi.

MamaWawili

Fundi, hizo ncha za JIS zinapatikana wapi? Nimeuliza duka mbili za vifaa mtaani, wananiangalia tu.

Fundi wa Kariobangi

Mama, usiulize kwa jina hilo. Pita Kirinyaga Road kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika kutoka Japani, mwambie akuonyeshe bisibisi za mikoba ya magari na pikipiki. Nenda na skrubu mkononi. Ncha ikiingia na kusimama yenyewe bila kuchezacheza, hiyo ndiyo.

Dere wa Probox

Na asikubali bei ya kwanza.