Skrull, Starro au Watu wa Mawe: toleo lipi la zamani la uvamizi niwasomee watoto?

Kalamu_ya_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Naleta uzi nikiwa na shida ya kweli. Kila Jumamosi watoto wa mtaani kwetu, kama kumi na wawili hivi, wa darasa la tano mpaka kidato cha kwanza, hukusanyika barazani kwangu. Nawaonyesha katuni za zamani kwenye kishikwambi na kuwasimulia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Safari hii wamechagua mada wenyewe: viumbe wa sayari nyingine wanaivamia dunia.

Nataka toleo moja tu, la enzi zile mashujaa wenye nguvu za ajabu walipokuwa wanaanza upya, na kisa kiishe humo humo, siyo "itaendelea". Nimebaki na matatu. La kwanza ni The Brave and the Bold namba 28 (Februari–Machi 1960), ambapo Justice League, kundi la mashujaa, wanaonekana kwa mara ya kwanza wakipambana na Starro. La pili ni Fantastic Four namba 2 (Januari 1962), mashujaa wanne dhidi ya Skrull, viumbe wa anga za mbali. La tatu ni Journey into Mystery namba 83 (Agosti 1962), Thor dhidi ya Watu wa Mawe kutoka Zohali.

Mimi moyo uko kwa Skrull. Mke wangu anasema nataka kuwalisha watoto chakula ninachokipenda mwenyewe. Nishaurini.

BintiMvita
Mke wako yuko sahihi, mpe salamu zangu.

Watoto wa Tanga hao, wamezaliwa na bahari mlangoni. Wape Starro! Starro ni nini? Ni kiti cha pweza. Kiti cha pweza kikubwa kama jumba, kina jicho moja katikati, kimetoka anga za mbali kuja kutawala dunia. Na habari zake anayezileta kwa Aquaman, shujaa wa baharini, ni bunju. Samaki bunju, yule yule ambaye wavuvi wetu wakimpata wavuni wanamtupa kwa sababu ya sumu. Sasa niambie ni mtoto gani wa pwani hatacheka hapo.

Halafu kisa kimepangwa vizuri kwa kusimulia. Starro anawageuza viti vya pweza watatu wa hapa hapa duniani kuwa makamanda wake. Mmoja anakwenda kunyakua bomu la atomiki, Green Lantern anamkabili. Mwingine anawaandama wanasayansi, wanapambana naye Wonder Woman na Martian Manhunter. Wa tatu anatua mji mdogo wa bandari na kuwateka akili watu wote, na huko anatumwa Flash. Mwisho wanaungana kumvaa bosi mwenyewe. Vipande vitatu na hitimisho, unaweza hata kusimama katikati mkanywa uji.

Na silaha inayomshinda? Chokaa. Kijana mmoja, Snapper Carr, hatekeki akili kwa sababu alikuwa akinyunyizia chokaa majani ya uani kwao. Wakagundua siri, wakammwagia Starro chokaa akagandishwa mle. Sisi ambao babu zetu walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea nyumba, silaha tunayo ukutani!

Nahodha254
Niko siti ya mbele. @BintiMvita umenimaliza na bunju.

Lakini swali: Superman na Batman wako wapi kwenye hiyo hadithi? Nikiwasomea vijana wangu wataniuliza hilo kwanza.

BintiMvita
Wamo, ila wana shughuli zao. Superman anahangaika na vimondo, Batman na wahalifu wa mjini kwake. Hata kwenye jalada hawapo. Hilo nakubali ni doa.

Wino_Mweusi
Dada Mvita, umelitetea vizuri kuliko lilivyo. Ngoja nami nitoe ushahidi.

Hadithi ya Starro iliandikwa na Gardner Fox na kuchorwa na Mike Sekowsky. Fox alikuwa fundi, ndiye aliyeandika kundi la kwanza kabisa la mashujaa, Justice Society, mwaka 1940. Na ufundi huo unaonekana: kila shujaa anapewa zamu, anatumia kipaji chake, anaondoka jukwaani. Lakini waulize watoto baadaye Flash ana tabia gani tofauti na Green Lantern. Hawatakuwa na jibu, kwa kuwa wote wanaongea kama mtu mmoja aliyebadilisha nguo.

Njoo sasa kwa Stan Lee na Jack Kirby, Fantastic Four namba 2. Fungua ukurasa wa mwanzo. Ben Grimm, yule binadamu aliyegeuka jitu la mawe, anaogelea baharini na kuvunja mnara wa mafuta. Sue Storm anaiba kito dukani na kutoweka. Johnny anayeyusha sanamu siku ya kuzinduliwa kwake. Reed anarefusha mkono na kuzima umeme wa mji. Msomaji wa wakati ule alikuwa amewajua watu hawa kwa toleo moja tu! Anaweza kuamini kabisa kwamba wameharibika. Kisha ndipo unapoonyeshwa: siyo wao. Ni Skrull, viumbe wa kijani wenye masikio yaliyochongoka na kidevu chenye mifereji, wanaojigeuza sura yoyote. Wamekuja kuwachafulia jina watu wanne pekee wanaoweza kuwazuia, ili dunia iwakamate yenyewe.

Na dunia inawakamata kweli. Jeshi linawafuata hadi kwenye nyumba ya mawindo walikojificha, wanatiwa ndani. Hapo ndipo kisa kinapowashinda wengine wote. Kwa Starro adui unamwona toka mbali, ana miguu mitano na jicho. Kwa Skrull adui ni jina lako mwenyewe linalosemwa vibaya mtaani. Mtoto wa darasa la tano anaijua hofu hiyo kuliko bomu la atomiki: kuchapwa kwa kosa ambalo hukulifanya.

Nahodha254
Ndumilakuwili wa anga za juu. Nimeelewa.

BintiMvita
Uvamizi wa watu wanne, @Wino_Mweusi? Hiyo ni safari ya kibiashara. Mleta uzi amesema watoto wanataka UVAMIZI.

Wino_Mweusi
Nyuma yao kuna meli nzima ya kivita inasubiri ripoti, dada. Wanne ni wapelelezi. Na namna meli hiyo inavyofukuzwa ndiyo sababu kubwa ya mimi kulipenda toleo hili.

Wakishatoroka gerezani, Johnny anakwenda kushambulia kituo cha kurushia roketi akijifanya yeye ndiye Skrull, ili wenyewe wamfuate. Mtego unanasa. Kisha Reed na wenzake wanapanda hadi kwenye meli kuu, safari hii wao ndio wanaojifanya Skrull waliojigeuza sura za binadamu. Umeiona hiyo? Wale walioigizwa sasa wanawaigiza waigizaji wao.

Mbele ya kamanda, Reed anatoa picha za "silaha za dunia": majitu, wadudu wakubwa kama magari, mazimwi. Kamanda anatetemeka, anaamuru meli iondoke. Tena anampa Reed nishani ya ushujaa kwa kukubali kubaki nyuma kufuta nyayo za Skrull duniani! Na picha zile zilitoka wapi? Zilikatwa kwenye magazeti ya katuni, Strange Tales na Journey into Mystery. Hayo yalikuwa magazeti ya kampuni ile ile iliyotoa Fantastic Four, na mazimwi mengi ya mle aliyachora Kirby huyo huyo. Kampuni iliyokuwa ikiuza mazimwi miaka yote inatumia mazimwi yake ya karatasi kuiokoa dunia. Ni utani mkubwa, na haujaelezwa, umeachwa tu pale.

Mzee_wa_Kale
Vijana, shikamoo hampendi kutoa humu kwa hiyo nawasalimu tu.

Nichangie kuhusu wakati. Toleo hilo la Skrull lina tarehe ya Januari 1962, lakini Wamarekani walikuwa na desturi ya kuandika mwezi wa mbele kwenye jalada. Lilitoka kabla 1961 haijaisha. Huku kwetu ndiyo mwaka Tanganyika inapata uhuru wake. Gagarin, Msovieti, alikuwa ameshaizunguka dunia kwa chombo cha angani mwezi Aprili mwaka huo huo, na kwenye toleo la kwanza Reed na wenzake wanaharakisha roketi yao kwa hofu kwamba Wakomunisti watawatangulia. Kwa hiyo mtu anayefanana na wewe na kumbe ni wa upande wa pili halikuwa wazo la kitoto kwa msomaji wao. Lilikuwa kwenye magazeti ya watu wazima kila asubuhi.

Lingine dogo: kwenye toleo hilo mashujaa hawana sare! Wanapigana na nguo za kawaida. Zile nguo za buluu zinakuja toleo la 3. Watoto waliozoea sinema watakuuliza, jiandae.

Kalamu_ya_Tanga
Shikamoo Mzee, mimi naamkia. Hilo la sare sikuwa nimeliwaza kabisa. Vipi kuhusu Thor, hakuna wakili wake?

Mzee_wa_Kale
Marahaba mwanangu. La Thor ni zuri kwa mambo mengine, siyo uvamizi. Daktari Don Blake, mwenye mguu mbovu, yuko likizo Norway. Mvuvi mzee anawaona Watu wa Mawe wakitua na hakuna anayemwamini. Blake anawakimbia, anapoteza fimbo yake, anaingia pangoni na kukuta gongo lingine. Analigonga kwenye jiwe, anakuwa Thor. Hapo ndipo hadithi ilipo: kiwete aliyepata gongo. Wavamizi wapo ili apate wa kuwapiga. Anavunja mashine yao kubwa, wanakimbia kwao.

Nahodha254
Korg wa kwenye sinema ya Thor ya 2017 si ndiye wa kabila hilo la mawe?

Mzee_wa_Kale
Ndiye. Na kwenye sinema amechangamka kuliko wote wa 1962 wakijumlishwa.

Pembeni_mwa_Pemba
Nimechelewa. Mmesahau Justice League of America namba 9, Februari 1962. Fox na Sekowsky tena, wanaeleza kundi lilivyoanza, miaka miwili baada ya kundi kuonekana. Wagombea saba wa kiti cha enzi cha sayari ya Appellax wanatumwa duniani wapigane, atakayebaki ndiye mfalme. Mmoja wa mawe, mmoja wa moto, wa kioo, wa mti, wa almasi, na kila mmoja anawageuza binadamu wawe kama yeye ili wawe jeshi lake. Dunia imefanywa uwanja wa uchaguzi wa watu wengine, na sisi ndio nyasi.

BintiMvita
Hili nalo ni tamu. Ila wavamizi saba kwa kikao kimoja, Kalamu atamaliza usiku.

Wino_Mweusi
Kweli, wazo lake linazidi la Starro kwa mbali. Utekelezaji ni ule ule wa zamu kwa zamu.

Nami nikiri kasoro ya upande wangu kabla hamjaniumbua. Mwisho wa Skrull, Reed anawapumbaza akili wale mateka na kuwaamuru wajigeuze ng'ombe, wasahau walikotoka, wabaki malishoni wakila majani kwa amani. Waliofanya uharibifu mwanzoni ni wanne. Ng'ombe ni watatu. Hesabu haitimii, na nimelisoma mara nyingi nikitafuta wa nne alikokwenda.

Nahodha254
Wa nne ameuzwa mnadani.

Kalamu_ya_Tanga
Wakuu, narudi na taarifa. Jumamosi imepita.

Niliogopa lawama za BintiMvita, nikafanya hivi: nikawasimulia Starro kwa mdomo tu, dakika kumi, bila picha, kama kionjo. Chokaa iliwachekesha, bunju aliwaua kabisa. Kisha nikafungua Skrull na kuwaficha siri. Nikawaambia tu: hawa ni mashujaa, sasa tazameni wanachofanya. Ben alipovunja mnara baridi ikaingia barazani. Binti mmoja wa darasa la sita akasema kwa sauti ndogo, "Lazima kuna mtu kawatuma." Tulipofika kwenye sura za kijani akapiga makofi peke yake.

Pale Ben anaporudi duniani, miale ya angani inamrudishia sura yake ya ubinadamu kwa muda mfupi tu kisha mawe yanarudi, hakuna aliyecheka. Sikutegemea. Picha zenyewe ni chache, na mimi nilikuwa nazipita haraka miaka yote nikikimbilia kwa ng'ombe. Waliniambia nirudi nyuma.

Kwenye ng'ombe ndiyo nikakwama. Yule yule wa darasa la sita akauliza: "Mwalimu, na nani alikuwa anawakama?" Sina jibu. Nimemwahidi Jumamosi ijayo.

Wino_Mweusi
Huyo mtoto mlete humu, tumpe usimamizi wa jukwaa.

Ng'ombe hao hawakusahaulika. Mwandishi Roy Thomas aliwarudisha 1971 kwenye vita vya Skrull na Kree, viumbe wengine wa anga za juu, ndani ya katuni ya Avengers, na huko wanajigeuza kuwa Captain America, Iron Man na Thor. Na swali lake hasa lilijibiwa 1983, Fantastic Four Annual namba 17, na John Byrne. Walikamwa. Watu wa mji mdogo wakanywa maziwa hayo bila kujua, na wakaanza kupata nguvu ya kujigeuza sura.

BintiMvita
Astaghafirullah.

Nahodha254
Mimi kuanzia leo ni turungi tu.