Insha ya hadithi ya Kifilipino: naombeni msaada kabla ya Jumapili

Kutoka: Mama Nasra, Winnipeg

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mnajua nimerudi chuo ukubwani kusomea uuguzi, na huku lazima upitie somo moja la fasihi. Tumepewa hadithi fupi ya Nick Joaquin, "The Summer Solstice", tuandike kurasa nne juu ya jinsia na tambiko. Nimeisoma mara mbili baada ya zamu ya usiku. Niliandika kwamba mwishoni mwanamke anashinda. Mwalimu amenirudishia rasimu na neno moja pembeni: "Kweli?" Neno hilo limeninyima usingizi. Kazini nina wenzangu wengi Wafilipino. Wamenieleza kwamba Paeng, yule mume kwenye hadithi, ni kifupi cha Rafael, na Lupeng, mkewe, ni Guadalupe, basi, zamu ikaanza. Aliyewahi kuisoma anisaidie.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Leicester

Wa alaykum salaam mwanangu. Hongera kwa kurudi darasani.

Anza na siku yenyewe. Ni Manila ya miaka ya 1850, Mhispania bado anatawala, na ni tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Asubuhi wanaume wanapita na sanamu yao nzuri, wamelowa maji, wanaimba kwa majivuno. Usiku ni zamu ya wanawake: tambiko lao la siku tatu liitwalo Tadtarin, na hii ni siku ya mwisho. Nao wamebeba Yohana, lakini ni kidude cheusi chenye kichwa kikubwa, kinachorushwarushwa mikononi mwao hakina la kufanya. Mtakatifu ni yuleyule! Linganisha sanamu hizo mbili na umepata ukurasa mzima. Kanisa limeweka jina lake juu ya kitu cha kale kuliko lenyewe, na Guido, kijana aliyerudi kutoka Ulaya, anamwambia Lupeng hivyo hivyo: mwezi ulitangulia jua, malkia walitangulia wafalme.

Sasa lile "Kweli?" la mwalimu wako. Soma upya mazungumzo ya chumbani. Don Paeng ametoka kupigwa na wanawake kanisani, midomo imevimba, anasema lazima amchape mkewe ili wazimu umtoke. Lupeng anamjibu: hapana, wewe unataka mimi nilipie majeraha yako. Hapo ndipo mume anapoishiwa maneno. Anasema anampenda, anamheshimu. Mke anakataa vyote viwili: anataka kuabudiwa. Sisi wenye Kiswahili tuna bahati hapa, maana kupenda, kuheshimu na kuabudu kwetu havikai chungu kimoja. Kuabudu ni kwa Mungu. Kwa hiyo mume anapotambaa sakafuni kwenda kuubusu mguu wa mkewe dirishani, kwenye mbalamwezi, usiandike "usawa". Hakuna usawa pale. Kuna aliye juu na aliye chini, kama asubuhi, ila wamebadilishana nafasi. Mchana huohuo Guido alikuwa tayari amezibusu ncha za viatu vyake, na Lupeng alikimbia. Usiku hakimbii. Uliza ni nini kilichobadilika kati ya busu hizo mbili, na jibu lako ndilo liwe dai la aya ya kwanza. Huku hawataki dai lichelewe kama tulivyofundishwa sisi.

Na usiibebe hadithi uipeleke unyagoni kwetu. Najua itakuvuta, kwa kuwa ni ngoma ya wanawake peke yao na mwanamume haruhusiwi kuingia. Lakini unyago unamfunda mwari aingie kwenye ndoa. Tadtarin inamtoa mke ndani ya ndoa.

Maktaba ya chuo kwa kawaida huwa na dawati la kusaidia uandishi, bure. Nenda na rasimu mkononi, na kila maneno ya Joaquin uyawekee alama za kunukuu na ukurasa.

Kutoka: Dada wa Muscat

Shikamoo Mwalimu. Mimi si msomi wa fasihi, nimeitafuta hadithi baada ya kusoma barua yenu, nikaimaliza jana jikoni.

Mbona hamkumtaja Amada? Ni mpishi. Mumewe Entoy, dereva wa gari la farasi, humpiga siku zote, na nyumba nzima inajua. Siku ile Amada yuko kitandani, roho ya Tadtarin imemwingia, na Entoy hathubutu kumgusa: anasema akimzuia nafaka haitaota, mito haitatoa samaki, na kwamba leo si mke wake, ni mke wa mto, wa mamba, wa mwezi. Doña Lupeng anashangaa kusikia mtumishi wake ana nguvu kiasi hicho. Tazameni, bibi wa nyumba amejifunza kwa mpishi! Mwishoni tunaachwa na bibi na bwana dirishani. Amada kesho yake anarudi kwenye moto na kwa Entoy, na mwandishi hatupeleki huko. Mimi napika kwenye nyumba ya watu mwaka wa tisa huu. Ukurasa huo nimeutafuta sana.

Kutoka: Mama Nasra, Winnipeg

Asante hazitoshi, Mwalimu. Dada wa Muscat, nimefuta kurasa zote nne. Naanza upya na Amada kitandani asubuhi ile, na mguu wa Lupeng utakuja ukurasa wa tatu. Ijumaa sina zamu. Dawati la maktaba linafunguliwa saa tatu asubuhi, nitakuwa mlangoni.