Msaada wakuu: mdogo wangu anamaliza kidato cha tano PCB, ufadhili wa chuo tuanze kuutafuta lini?

FundiSimu_Kahama

Wakuu, habari za majukumu. Niende moja kwa moja.

Nina mdogo wangu wa kike, anasoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia), shule ya bweni ya serikali. Yuko nyumbani likizo ya Juni, mwezi ujao anaingia cha sita. Kidato cha nne alipata Division One ya pointi 9 na darasani hatoki tatu bora. Anataka udaktari, hana mpango wa pili. Baba alishafariki, mama anauza dagaa sokoni, mimi nina meza ya kutengeneza simu. Ada za udaktari nimeziulizia vyuo viwili vitatu, nikarudi kukaa kwenye meza yangu.

Ninachotaka kujua: ufadhili unatafutwa kabla ya matokeo ya Form Six au baada? Na shuleni kwao simu marufuku, sasa huyu mtoto ataombaje, nimjazie mimi? Halafu kuna jamaa hapa mjini, ana ofisi na kibao kabisa nje, anasema nafasi ya kusoma udaktari China bure ipo, ila tutoe laki nane ya kufungulia faili. Mama ameshaanza kumwangalia ng'ombe wa bibi kwa jicho la mnadani.

Nawasilisha. Mods naomba uzi usiunganishwe.

NyandaWaIsaka

Faili gani la laki nane, lina milango? Mwambie mama ng'ombe abaki zizini. Wajuvi wanakuja.

Mtu_wa_Konya

Mkuu, nimesoma Uturuki kwa ufadhili wa serikali yao, Türkiye Bursları, kwa hiyo naongelea ninachokijua.

Swali la kwanza: kabla ya matokeo. Watanzania wengi tunapotelea hapo. Matokeo ya Form Six yanatoka Julai, mtu anaona One yake, anaanza kuulizia "skolashipu ziko wapi" wakati dirisha lilifungwa miezi mingi nyuma. Uturuki dirisha linafunguliwa 10 Januari na kufungwa 20 Februari kila mwaka. Mwanafunzi aliye mwaka wa mwisho wa sekondari anaruhusiwa kuomba kwa vyeti vya nyuma na ripoti za shule, vya mwisho atavileta akihitimu. Kwa hiyo dirisha la mdogo wako ni Januari hii inayokuja, akiwa cha sita, hata mtihani wa Mei hajaufanya.

Masharti: shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21, ufaulu kuanzia asilimia 70. Lakini udaktari, meno na famasia wanataka 90. Hapo ndipo pagumu kwa sisi wa NECTA (Baraza la Mitihani), maana cheti kina herufi tu. Aombe shuleni ripoti zenye alama kamili za kila muhula, zimepigwa muhuri. Wakikuchukua wanalipa ada, malazi, posho ya kila mwezi, bima ya afya, tiketi ya kwenda na ya kurudi, na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki. Huo mwaka wa lugha watu wanauchukulia kama likizo. Usiuchukulie hivyo, anatomia ya Kituruki haina huruma.

Kuomba ni bure. Ni kwenye tovuti yao yenye mwisho wa gov.tr tu, hakuna wakala popote.

Mzee_wa_Hoja

Kila uzi ni Uturuki, China, Marekani. Kwani MUHAS, chuo chetu cha tiba pale Muhimbili, kimehamia wapi? Udaktari wetu ni miaka mitano na mwaka mmoja wa intaniship, unatibu Watanzania kwa Kiswahili. Mtoto wa mjane anapelekwa kwenye baridi ajifunze lugha upya ili aje kutibu malaria Kahama.

Mtu_wa_Konya

Mzee, hakuna aliyesema asiombe MUHAS. Unaomba kote, unachagua ukishapata. Kuchagua kabla hujapata ndiyo anasa.

Bumu_Limechelewa

Mimi niko mwaka wa tatu MD (udaktari), chuo cha serikali hapa hapa nchini. Mzee wa Hoja ana pointi, ila hajamwambia jamaa njia.

Ziko mbili. Ya kwanza Samia Scholarship, ilianza mwaka wa masomo 2022/23. Ni kwa wenye ufaulu wa juu kabisa Form Six kwenye tahasusi za sayansi wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, tiba na fani za aina hiyo. Ni ruzuku, hairudishwi, na inasimamiwa na Bodi ya Mikopo. Hii kweli inasubiri matokeo ya Julai, na ushindani wake ni wa pointi. One ya pembeni haitoshi.

Ya pili mkopo wa HESLB, yaani hiyo hiyo Bodi ya Mikopo. Unarudishwa, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara, lakini unasomesha. Sasa fundi nisikilize vizuri: dirisha la mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka, na wakati huo mdogo wako huenda yuko kambini JKT. Karatasi zote zitakuwa juu yako. Cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Fomu isainiwe serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu. Kwa aliyefiwa na mzazi hicho cheti cha kifo ndicho kinachombeba kwenye upangaji. Mna cheti cha kifo, au mna kibali cha mazishi tu? Naomba ujibu hili, maana nimeona watu darasani kwetu wakikosa asilimia zao kwa sababu msiba ulikwisha na hakuna aliyekwenda kusajili.

Mkopo hutolewa kwa viwango tofauti kulingana na uhitaji. Na ukichelewa, bumu (pesa za mkopo) nalo linachelewa, ndiyo unakuja kuwa na jina kama langu.

FundiSimu_Kahama

Mkuu Bumu umenigusa. Cheti cha kifo hatuna, ni kile kibali cha hospitali tu. Kesho naanzia hapo.

Chaki_Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa taaluma shule ya A-level, si ya mdogo wako, naongea kwa ujumla.

Kabla ya Uturuki na China, chukua cheti chake cha kuzaliwa, cheti chake cha kidato cha nne na kitambulisho cha mama, uviweke mezani pamoja. Soma majina herufi kwa herufi. Shule ya msingi aliandikishwa na mjomba kwa jina la babu, cheti cha kuzaliwa kikatolewa baadaye kwa jina la baba, NECTA wana la tatu. Kwenye maombi ya nje hiyo ni hati ya mtu mwingine. Kama majina yanapishana, rekebisheni likizo hii hii kupitia RITA au hati ya kiapo kwa mwanasheria, siyo Januari zikiwa zimebaki siku tatu dirisha kufungwa. Pasipoti nayo ni elfu 150, nayo inafuata jina la cheti cha kuzaliwa.

Pili, barua za walimu. Hapa nitasema ukweli ambao walimu wenzangu hawatapenda. Mwanafunzi akija Alhamisi anataka barua Ijumaa, ninamwandikia ile ile: ana nidhamu, ana bidii, anashirikiana na wenzake. Nimewaandikia hivyo wengi, na kule waliko wanaozisoma wamezoea kuziona. Mwanafunzi akija mapema na karatasi moja aliyoandika mwenyewe, kwamba mwalimu unakumbuka maabara ilipokosa kemikali nikapendekeza tutumie majivu, unakumbuka nilivyowafundisha Form Two baiolojia Jumamosi, hapo naandika barua yenye mtu ndani. Mdogo wako aandike hiyo karatasi sasa akiwa nyumbani, siku ya kufungua shule ampe mwalimu anayemfahamu hasa. Asiende kwa mkuu wa shule eti kwa sababu ana cheo.

Kuhusu simu: usimjazie insha. Wewe pandisha nyaraka, tunza nywila, pokea namba za uthibitisho kwenye laini yako. Ila maneno ya "kwa nini unataka kusoma" yawe yake, kwa kalamu yake, hata kama Kiingereza kina makosa mawili. Wakimwita kwenye usaili akaulizwa aya ya pili aliandika nini, utakuwa wapi wewe? Shule nyingi zina kompyuta ya ofisi, na mwalimu wa taaluma akiombwa kwa heshima humwacha mtoto akae nusu saa Jumapili. Akinyimwa, nenda siku ya kutembelea na karatasi zilizochapwa.

Binti_wa_Kilema

Naomba niongeze Marekani maana nipo huku chuoni, na watu wanaiogopa bila sababu au wanaipenda bila sababu.

Kwanza: huku udaktari hausomwi moja kwa moja baada ya Form Six. Unasoma shahada ya kwanza miaka minne, ndipo unaomba shule ya udaktari, na huko ufadhili kwa mgeni ni adimu mno. Kama moyo wake ni daktari tu na anataka kufika haraka, Marekani si njia fupi. Akikubali baiolojia au kemia kwanza, tuongee.

Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin havimpunguzii mgeni nafasi kwa sababu ameomba msaada wa fedha, na wakimkubali wanafidia pengo lote ambalo familia haiwezi kulipa. Dagaa wa mama hauhesabiwi kama kasoro. Kazi ni kukubaliwa: Harvard wanachukua chini ya 5 katika kila 100. Berea, Kentucky, ni chuo kidogo ambacho hakitozi ada ya masomo na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Wageni wanaochukuliwa ni wachache lakini mwaka wa kwanza wote hufadhiliwa. Vyuo vingine vingi vinatoa msaada kwa mgeni, ila ukiomba fedha nyingi unapunguza nafasi yako, na hawakufichi.

Fomu ya pamoja, Common App, inafunguliwa 1 Agosti. Maombi ya mapema mara nyingi mwisho ni 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Ada za maombi zinasamehewa ukiomba, na ile fomu ya hali ya kifedha iitwayo CSS Profile nayo unaweza kuiandikia ofisi ya chuo wakupe msamaha. Mama hana hati ya mshahara? Andika makadirio ya kweli ya mwezi, mwenyekiti wa mtaa aandike barua na kuigonga muhuri, kisha muitafsiri kwa Kiingereza. Inapokelewa. Angalia pia kama chuo kinataka SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya huku. MIT na Harvard wamerudi kuidai, Bowdoin hawadai.

Msafiri_wa_Eldoret

Jirani kutoka Kenya. Huku kuna mpango wa KenSAP unaowaandaa waliofanya vizuri KCSE (mtihani wetu wa mwisho wa sekondari) kutoka familia zisizo na uwezo kwenda vyuo vya Marekani na Kanada. Ni wa Wakenya, sikudanganyi kwamba atapata. Nautaja kwa sababu moja: hao vijana huwa washamaliza shule, wanaomba wakiwa nyumbani. Msichana akikosa Januari hii bado anaweza kuomba mwaka unaofuata akiwa na matokeo mkononi na simu mkononi. Asikose usingizi wa mtihani wa Mei kwa ajili ya fomu.

Mzee_wa_Hoja

Huyu Mkenya ndiye pekee amekumbuka kuna mtihani.

NyandaWaIsaka

Na yule wa China je? Ofisi yenye kibao bado ipo wazi.

Mtu_wa_Konya

Ufadhili wa serikali ya China upo kweli, hilo ndilo linalowapa hawa mawakala mdomo. Njia moja inapitia Wizara ya Elimu yetu, wanatangaza kwenye tovuti yao, na nyingine inapitia chuo chenyewe. Shahada ya kwanza kwa kawaida inafundishwa Kichina, na unaanza na mwaka wa lugha. Zile nafasi za udaktari kwa Kiingereza ambazo mawakala wanazipigia debe, nyingi ni za kulipia: unaambiwa ufadhili, unafika unakuta ni punguzo la mwaka wa kwanza tu. Muulize swali moja: barua ya ufadhili imetolewa na nani na inataja miaka mingapi? Akianza kuongelea viza, ondoka.

Bumu_Limechelewa

Na popote atakaposomea nje, chuo kiwe ambacho TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) watakitambua, na akirudi Baraza la Madaktari Tanganyika limsajili. Kuna watu wana shahada ukutani na hawaruhusiwi kushika sindano.

FundiSimu_Kahama

Wakuu nashukuru sana. Jana usiku tumekaa watatu, mama, mimi na mwenyewe. Vyeti tumevitandaza kama alivyosema mwalimu. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, NECTA wana la babu. Tofauti ni jina la tatu tu. Hii inahitaji RITA au kiapo kinatosha?

Mpango tuliokubaliana: MUHAS na vyuo vya ndani kwa mkopo au Samia ndiyo msingi, Uturuki Januari, Marekani hapana kwa sasa, mwenyewe kasema miaka minne ya baiolojia kwanza ni mingi. Yule wa ofisi nimemuuliza swali la barua, akasema niende na pesa ndipo tutaongea barua.

Chaki_Nyeupe

Jina la tatu: nenda ofisi ya RITA wilayani na vyeti vyote viwili uulize kwanza kama cheti cha kuzaliwa kinaweza kurekebishwa, maana pasipoti na mkopo vyote vinakitazama hicho. Kiapo kitasaidia kwa muda, lakini kila ofisi itakiuliza upya. Na usiguse la NECTA mpaka usikie RITA wamesemaje. Ukiwa huko huko, uliza cha kifo cha baba, dirisha ni lile lile. Nenda asubuhi, Jumatatu panajaa.