Anko na bendi yake ya miaka miwili

*Dogo:* [video]

*Dogo:* jamani skizeni hii ngoma ya Green Day, hawa jamaa walikua moto toka zamani

*Anko:* Hiyo sio ya Green Day

*Dogo:* shikamoo anko. mbona imeandikwa Green Day hapo juu

*Anko:* Marahaba. Wameirudia tu. Hiyo Knowledge ni ya Operation Ivy wa Berkeley, California. Green Day waliiweka kwenye ile ipii yao (rekodi fupi) ya Slappy 1990 na wenye wimbo wao walikua washavunja bendi tangu mwaka wa nyuma yake

*Shangazi:* Operesheni?? Nani kalazwa tena jamani mbona hamsemi

*Da Mkubwa:* 😂😂 shangazi hakuna mgonjwa ni bendi

*Shangazi:* Mmenitoa roho

*Binamu:* mshamwamsha anko basi leo hakuna kulala humu

*Anko:* Muacheni dogo ajifunze. Dogo skiza, jina wamelitoa kwenye majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani kule Pasifiki 1952, Operation Ivy ndo iliyolipua bomu la kwanza kubwa la haidrojeni, kisiwa kizima cha Elugelab kikafutika. Sasa vijana wa 1987 wanajipa jina hilo, vita baridi bado ipo, halafu muziki wenyewe unachezeka! Ndo utaelewa walikua watu wa namna gani

*Dogo:* kwahiyo ni punk

*Anko:* Ska punk. Punk ni ile rock ya kasi na kelele. Ska ni ya Jamaica, mwishoni mwa miaka ya 50, ndo mama yake reggae, lile gitaa la chaka chaka linalodunda pale ambapo mguu wako haupo. Hawa wakaichukua wakaikimbiza kwa spidi ya punk. Wanachokufanyia ni kwamba unaanza unacheza taratibu kwenye ubeti, kiitikio kikifika gitaa linafunguka lote na ukumbi mzima unaruka, halafu paap wanarudi kwenye chaka chaka kama vile hakuna kilichotokea

*Dogo:* matarumbeta je? me nikisikia ska najua matarumbeta

*Anko:* Kwenye ska punk hayo yalikuja kujaa miaka ya 90. Hawa walikua wanne tu. Jesse Michaels anaimba, Tim Armstrong gitaa ila enzi hizo akijiita Lint, Matt Freeman besi, Dave Mello drams. Saksafoni utaisikia kwenye wimbo wao wa Bad Town, tena ya mgeni

*Binamu:* naomba niseme kuhusu besi

*Anko:* Sema baba

*Binamu:* Freeman sio mtu. wapiga besi wengi wa punk wanakaa kwenye noti moja wanaisukuma mpaka chord ibadilike, yeye anatembea muda wote, anapanda anashuka, yani gitaa likinyamaza kidogo kwenye vile vipande vya ska unagundua wimbo wote alikua kaubeba yeye. nimejaribu kuzipiga zile laini, mkono wa kushoto unakakamaa kabla wimbo haujaisha na nyimbo zenyewe ni fupi

*Anko:* Na pale alikua bado kijana kabisa

*Da Mkubwa:* anko mi nna swali langu lile lile. kama walikua wazuri hivyo kwanini waliacha?

*Anko:* Nilijua utalileta 😄 Haya. Kulikua (na bado upo) na ukumbi Berkeley unaitwa 924 Gilman Street, ulifunguliwa usiku wa kuamkia 1987, unaendeshwa na watu wa kujitolea, hakuna pombe, hakuna dawa, ubaguzi marufuku, hata mtoto wa shule anaingia. Operation Ivy ndo ilikua bendi ya nyumbani pale. Wakatoa ipii ya Hectic mwanzoni mwa 88 chini ya kampuni ya Lookout, nyimbo 6, wakazunguka Marekani na gari la kawaida sio basi, na wakirudi sasa watu wanaanza kuwa wengi kuliko ukumbi. Mtu wa nyuma hamuoni Jesse tena, na zile nyimbo zimeandikwa kwa ajili ya watu mia na kitu wanaojuana, umoja, tusidanganyane, tusigawanyike. Ukiimba umoja mbele ya umati usioujua inakua kitu kingine. Na Jesse hakua mtu wa kutafuta ustaa. Wakarekodi albamu ya Energy, wakaitoa 1989, na mwezi wa tano tarehe 28 mwaka huo huo wakapiga shoo rasmi ya mwisho pale pale Gilman. Basi

*Anko:* Na dogo hii ni yako, siku hiyo hiyo Green Day walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza wakitumia hilo jina la Green Day. Kabla walikua wanaitwa Sweet Children

*Dogo:* weeeeeh anko unatania

*Anko:* Sitanii

*Da Mkubwa:* hadithi nzuri ila nyie mashabiki mnaisimulia kila siku upande mmoja. mnapenda bendi ife mapema ili ibaki safi, isizeeke mikononi mwenu. muulize Armstrong kama ilikua tamu. bendi ilipovunjika jamaa akazama kwenye pombe vibaya mno na mwenyewe kasema hadharani, Freeman ndo akamshika mkono wakaanzisha bendi ya Rancid 1991, tena Freeman alianzisha bendi ili mwenzake awe na kitu cha kufanya asirudi kunywa. na miaka sita baada ya kuvunjika bado walikua wanaimba kuhusu hilo, wimbo wa Journey to the End of the East Bay wa 1995 ni nini kama sio kidonda? kwahiyo kwako wewe ni "waliacha wakiwa juu" ila kuna mtu alibaki chini

*Binamu:* 🔥🔥🔥

*Mama:* Huyu mtoto angesomea sheria

*Anko:* Sikatai hata neno moja. Armstrong aliumia. Ila mi sijasema waliacha wakiwa juu, nasema waliacha kwa sababu kile kitu hakikua na mahali pa kwenda. Piga hesabu mwenyewe, 1994 Green Day wanatoa albamu ya Dookie na kampuni kubwa inauza mamilioni, Gilman haiwapi tena jukwaa kwa sababu sheria ya ukumbi ilikua hakuna bendi za kampuni kubwa. Operation Ivy wangekuwepo mwaka huo wangechagua nini? Kukubali hela wafungiwe mlango na watu wao, au kukataa wagombane wao kwa wao. Vyovyote vile bendi ingevunjika tu, na kwa ubaya zaidi

*Da Mkubwa:* au wangepata njia ya tatu. ile bendi nyingine ya Fugazi walipata

*Anko:* Fugazi walikua watu wazima walioshapita kwenye bendi zingine. Hawa vijana, Mello alikua bado tineja

*Da Mkubwa:* hilo nakupa. nusu

*Dogo:* sasa niskize wapi, nianze na nini

*Anko:* Kuna ile CD ya 1991 inaitwa Operation Ivy tu, wamekusanya Energy yote nyimbo 19, Hectic 6, na mbili walizotoa kwenye mkusanyiko wa bendi za Gilman. 27 jumla. Hellcat, kampuni ya Armstrong mwenyewe, waliitoa upya 2007 kwahiyo mtandaoni ipo. Kava ni michoro ya Jesse, nyeusi na nyeupe, yule mtu wa kofia anayecheza ndo chata ya bendi mpaka leo watu wanajichora tatuu

*Anko:* Na usitegemee sauti safi. Walijaribu kwanza kurekodi ndani ya Gilman kwenyewe hawakuipenda, wakaenda studio San Francisco na prodyuza Kevin Army, na hata hivyo imetoka kavu, sauti ya Jesse imekwaruza hadi unajiuliza kesho yake aliongeaje. Mi ndo napopapenda hapo. Kuna sehemu maneno ni mengi kuliko pumzi na hapunguzi hata moja

*Binamu:* wangerekodi vizuri isingekua ile

*Da Mkubwa:* hapo tuko pamoja wote

*Dogo:* hawajawahi kurudiana?

*Anko:* Bendi hapana. Ila 2023 Jesse na Tim walitoa wimbo pamoja, kwa bendi mpya inaitwa Bad Optix

*Da Mkubwa:* na anko aliuskiza siku nzima akatutumia humu mara nne

*Anko:* Mara tatu

*Shangazi:* Mkimaliza hayo mabomu mnijibu kikao Jumapili ni saa ngapi

*Mama:* Saa kumi wifi

*Dogo:* anko nimefika wa sita, mbona zinaisha haraka hivi

*Anko:* Usirukeruke, skiza kwa mpangilio. Na weka earphone, kwa spika ya simu besi husikii kitu