Kikundi: UKOO WA MASANJA – KISESA

Alhamisi, Julai 24

Kabula: Shikamooni wazee wangu. Heri ya Sikukuu ya Mashujaa kwa kesho 🎉🎉🇹🇿

Dotto: Marahaba ya wazee nitaipokea mimi kwa niaba yao 😂

Kabula: We Dotto mzee wa wapi

Shemeji Ochieng (Kisumu): Hamjambo wakwe. Kwani nyinyi Mashujaa ni kesho? Huku kwetu ni Oktoba 20, na hiyo siku watu wanalala tu nyumbani.

Kabula: Shemeji sisi kesho kazini kama kawaida. Ijumaa tena, foleni ya wateja mpaka mlangoni.

Baba Mkubwa Shija: Marahaba Kabula. Toa hizo fataki mwanangu. Mashujaa haina heri. Mtu hapewi heri ya matanga.

Kabula: Samahani Baba Mkubwa. Nilikuta picha imeshatengenezwa nikairusha tu 🙏🏾

Baba Mkubwa Shija: Najua. Sikugombi. Ila humu ndani tuna mtu wetu Kaboya.

Dotto: SATO WAKUBWA WAMEINGIA LEO, DAGAA WA NYASI WAKAVU DEBE BEI YA MAELEWANO, MWALONI KIRUMBA, TUNATUMA MIKOANI

Dotto: Jamani poleni, hiyo ilikuwa ya wateja

Shangazi Limi: 😂😂 We mtoto utatangaza dagaa hata siku ya mazishi yangu

Shemeji Ochieng (Kisumu): Kaboya ni wapi?

Baba Mkubwa Shija: Muleba, mkoa wa Kagera. Makaburi ya askari wetu wa vita vya Amin, zaidi ya 600. Yamepangwa mistari kama gwaride. Nilifika mara moja tu. Nilipita nikisoma majina, na mguu unakuwa mzito kadiri unavyosogea, mpaka nikafika kwenye la baba. Nikakuta mjusi ameanika mgongo juu yake, jua kali. Sikumfukuza.

Kabula: Kumbe. Mimi siku zote nilijua Babu alifia vitani, basi. Sikujua ana kaburi la kwenda kuonwa.

Shangazi Limi: Utajuaje, mama mwenyewe hajawahi kwenda.

Dotto: Hivi ni kweli lile bomu la vita vya Amin lilianguka kisiwa cha Saanane likaua swala?

Baba Mkubwa Shija: Kweli kabisa. Mwishoni mwa Machi 1979. Ndege ya Walibya, walikuwa wamekuja kumsaidia Amin. Walitaka matenki ya mafuta hapa mjini Mwanza wakakosa shabaha, likaangukia kisiwani kwenye wanyama.

Dotto: Swala wa watu 😭😂 nao waandikwe kwenye mnara

Baba Mkubwa Shija: Leo unacheka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, tulikuwa tumekuja kwa mama mdogo pale Bugarika. Tulilala kwenye mawe, chini ya lile jiwe kubwa ambalo sasa watu wamejengea choo. Wanawake walivua khanga nyeupe wakazikalia ili zisionekane juu. Mtoto akilia anazibwa mdomo, kana kwamba rubani atamsikia.

Dotto: Nimenyamaza.

Neema: Shikamooni wote. Nipo na Bibi hapa Kisesa, nimemsomea yote. Amesema nishike simu aseme. Nimerekodi, ila kwa wasioweza kufungua sauti naandika kama alivyosema:

"Muwe wazima. Mimi sijui sikukuu. Mimi najua ilikuwa Novemba, tunapanda pamba. Nyerere alisema kwenye redio ya jirani kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo, na nia tunayo. Wanaume wakapiga makofi. Mimi nikamtazama Baba Shija, naye ameshika jembe, hakupiga makofi. Alikuwa mgambo, alijua ataitwa. Siku aliyoitwa alipanda asubuhi mpaka saa tano. Haraka haraka. Akaniambia nitarudi kuvuna. Nikamsindikiza mpaka barabarani, mgongoni nimembeba Limi."

Neema: Kuna ya pili, alipumzika kidogo:

"Shamba nilimalizia mwenyewe. Pamba ilipoota nikaona mistari yake imepinda. Yote. Mtu hakuwa na akili ya kupanda siku ile. Yangu imenyooka, yake imepinda, hata mgeni angesema hapa wamepanda watu wawili. Tulipoanza kuvuna nilichuma yangu kwanza. Yake nikaiacha, nasema mwenyewe si alisema anakuja. Wenzangu wananiambia pamba inadondoka, inaokota uchafu. Nikasema idondoke. Barua ilinikuta hapo."

Kabula: 😢

Shangazi Limi: Miaka yote hii mama hajawahi kunisimulia hiyo mistari.

Baba Mkubwa Shija: Mimi niliiona. Nilidhani alichelewa kuvuna kwa sababu ya kuumwa mgongo.

Shemeji Ochieng (Kisumu): Poleni sana familia. Poleni sana.

Kabula: Na ile baiskeli? Baba aliwahi kutaja baiskeli ya Babu.

Baba Mkubwa Shija: Raleigh nyeusi. Ilining'inizwa kwenye kenchi za nyumba, hakuna ruhusa kuigusa. Niliwahi kuiiba nikaenda nayo Igoma, nilichapwa mpaka jirani akaja kuamua. Mafao yakawa njoo kesho, njoo mwezi ujao, ofisi baada ya ofisi. Mwaka 1984 nikafaulu kwenda sekondari, na nyumbani hakuna hata sanduku la kuwekea daftari. Nikarudi jioni nikakuta kenchi tupu. Mama hakusema kitu. Godoro, viatu, sanduku, ada, vyote viko pembeni.

Dotto: Kwa hiyo Baba Mkubwa, ualimu wako umetoka kwenye baiskeli

Baba Mkubwa Shija: Na wewe simu yako ya kwanza nilinunua kwa mshahara wa ualimu. Hesabu mwenyewe.

Kabula: Mimi leo usiku nakesha, saa sita kamili wanawasha mwenge wa mashujaa Dodoma. Halafu asubuhi Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Kuna upinde na mshale, na shoka la wazee. Nitawarushia.

Neema: Bibi anauliza, jembe analiweka nani?

Kabula: Jembe halipo Bibi

Neema: Anasema "haya."

Shangazi Limi: Mimi mwenge ule huwa siuangalii. Tangu Desemba 2017, yale majeneza 14 ya vijana wetu waliouawa Kongo, yamefunikwa bendera, yamepangwa. Nilizima televisheni. Niliona kuna wake zao pale wamebeba watoto mgongoni.

Baba Mkubwa Shija: Sasa nisikilizeni. Tumpeleke mama Kaboya. Si lazima iwe kesho, kesho hatuwahi. Agosti, shule zikifungwa. Daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, hakuna tena kusubiri kivuko. Unatoka hapa alfajiri, mchana upo Muleba.

Dotto: Nina rafiki ana Noah. Tukichanga mafuta anatupeleka kwa bei ya ndugu.

Kabula: Mimi 50,000. Na nitanunua shada, kuna yale maua ya plastiki mazuri hayanyauki.

Shangazi Limi: 50,000 na mimi. Chakula nitapika.

Shemeji Ochieng (Kisumu): Niwekeni, nitatuma kwa simu. Na mimi nataka kuja.

Neema: Subirini. Bibi anasema Noah hapandi.

Dotto: Kwa nini? Ina kiyoyozi Bibi!

Neema: Anasema Baba Shija alipanda meli. Na yeye anataka meli.

Baba Mkubwa Shija: Mama, meli ni usiku kucha mpaka Bukoba, halafu bado urudi na gari mpaka Muleba. Miguu yako je?

Neema: Anasema miguu yake haiendeshi meli.

Dotto: 😂😂😂 Bibi!

Shangazi Limi: Shija kubali yaishe. Unamjua mama yako.

Baba Mkubwa Shija: Haya. Meli. Dotto, kesho ukitoka mwaloni pitia bandarini uulize nauli, uulize na vyumba vya kulala. Asikae kwenye viti.

Dotto: Sawa Baba Mkubwa. Vyumba viwili au vitatu?

Neema: Na anasema Kabula aache maua ya plastiki. Baba Mkubwa umbebee pamba ya mwaka huu, kiasi cha kujaa kikapu kidogo. Isiwe ile ya chini iliyodondoka.

Baba Mkubwa Shija: Mwambie nimesikia.

Kabula: Bibi yupo macho tuangalie wote mwenge?

Neema: Ameshazima taa.