Mikono 14 na shibiri ya babu ni mita ngapi? Nimepata majibu matatu

Mjukuu wa Nahodha
Wakuu, habari za leo. Marehemu babu alikuwa fundi wa mashua, ameacha daftari. Humo kwa penseli: urefu mikono 14 na shibiri (yaani nusu mkono). Nataka nichongewe mashua kama ile, na fundi wangu wa Kunduchi anataka mita.
Nikihesabu mkono kuwa inchi 18, yaani sentimita 45.72, napata mita 6.63. Nikitumia mkono wangu, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni sentimita 47.5, inakuja mita 6.89. Kikokotoo cha mtandaoni, nilipoweka dhiraa, jina jingine la mkono, kikatoa mita 7.6! Nifuate kipi?

Seremala wa Keko
Hicho kikokotoo achana nacho. Kimechukua dhiraa ya kifalme ya Misri ya kale, kama sentimita 52.4 hivi. Babu hakuwa anajenga piramidi 😂
Chukua inchi 18. Sisi huku kitanda ni futi 5 kwa 6, mbao futi 12, maisha yanaenda. Inchi tangu 1959 ni milimita 25.4 kamili, haina ubishi.

Mama Doti
Inchi haina ubishi, mkono unao. Hiyo 18 ni nzuri dukani kwa sababu mikono 2 inaingia kwenye yadi bila kubaki kitu. Enzi za misafara ya bara shuka ilikuwa mikono 4, doti mikono 8, basi ni yadi 2 na yadi 4. Kwa kitambaa sawa. Kwa mashua ya mtu mmoja aliyepima kwa mkono wake? Sidhani.
Na kwa taarifa yenu, yadi 6 za kitenge ni mita 5.49 tu. Mimi nilihesabu mita 6 kichwani nikampelekea fundi, gauni likarudi mikono mifupi.

Mzee wa Gati
Kijana, uwiano hauna shida: shibiri 2 ni mkono, mikono 4 ni pima. Kinachoyumba ni mkono wa nani. Tena kuna mkono kamili na kuna mkono konde, ule unaoishia kwenye ngumi. Babu yako alitumia upi? Hapa hamna anayejua. Tafuta kitu alichokitengeneza mwenyewe, ambacho kipimo chake kimo daftarini, ukipime kwa tepu.

Mjukuu wa Nahodha
Shikamoo mzee. Kipo! Ukurasa wa nyuma kaandika "kasha la mama, mikono 2 na shibiri". Kasha liko uvunguni kwa bibi hadi leo, limejaa khanga. Nimeingia chini na tochi ya simu, tepu inasoma sentimita 117. Nikigawa kwa 2.5, mkono wake ni 46.8. Kwa hiyo si konde. Mashua inakuwa mita 6.79.

Seremala wa Keko
Hapo nimenyoosha mikono, na inchi zangu. Vizuri umepima urefu. Mbao ikikauka hunywea upana, urefu haupungui kitu cha maana. Ungeniletea upana wa kasha ningekukatalia.
Ila mwambie fundi mita 6.8 basi. Usimpelekee milimita, penseli ya babu haikuwa nazo.

Mama Doti
Na bibi asijue umepekua khanga zake.

Mzee wa Gati
Marahaba. Sasa kabla hujanunua mbao: hiyo mikono 14 ni ya mkuku, ule mti wa chini kabisa, au ni toka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma ya chombo? Hapo tofauti inaweza kuzidi hizo sentimita zenu zote mnazogombania.

Mjukuu wa Nahodha
Duh. Daftari halisemi. Kuna mchoro pembeni ya ukurasa, nilidhani ni samaki. Ngoja niupige picha niulete.